Ukienda ugenini kufundisha watoto wadogo Kiingereza, jifunze kwanza kukaa kimya

Siku yangu ya kwanza darasani niliingia na andalio la somo la dakika 40. Nilikuwa na kadi za picha 26, moja kwa kila herufi, nilizozikata mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Mbele yangu walikaa watoto 14 wa miaka mitatu na minne. Hakuna aliyejua Kiingereza, na mimi katika lugha yao sikujua zaidi ya salamu. Dakika ya saba kadi zilikuwa zimekwisha. Mmoja alikuwa analia akimtaka mama yake, wawili wamelala kifudifudi kwenye zulia, na mwingine ananivuta kidole huku akirudia neno moja ambalo sikulielewa. Mwalimu msaidizi aliinuka, akamshika mkono, akampeleka chooni. Ndicho alichokuwa anakiomba muda wote ule.

Nimefundisha chekechea ugenini miaka minne sasa, na kila ninapoulizwa na mtu anayejiandaa kuondoka aanzie wapi, namkumbuka mtoto yule. Ushauri wangu wa kwanza hauhusu sarufi. Kabla hujapanda ndege, jifunze kwa lugha ya huko maneno haya: choo, maji, inauma wapi, mama anakuja, subiri, pole. Yaandike kwa tahajia ya Kiswahili jinsi unavyoyasikia, uyabandike ndani ya jalada la daftari lako. Wapo wakuu wa shule watakaokuambia darasani kisisikike kitu ila Kiingereza. Kanuni hiyo ina faida yake kwenye somo, lakini mtoto anayeumwa tumbo hayuko kwenye somo.

Mkataba na makaratasi

Hapa sitakaa sana, ila usipapite. Saa za kufundisha na saa za kuwepo shuleni ni vitu viwili. Mkataba wangu wa kwanza ulitaja saa 20 za vipindi kwa wiki. Nilipofika nikakuta natakiwa kuwapokea watoto mlangoni asubuhi, kula nao, kuwalaza mchana, na kubaki hadi wa mwisho achukuliwe. Uliza kwa maandishi jumla ya saa. Uliza pia nani analipia viza na tiketi, nyumba ni ya nani, ukiugua inakuwaje, na ukitaka kuacha kazi unatoa taarifa ya muda gani. Ingia nchini kwa viza ya kazi, si ya matembezi, hata ukiahidiwa kwamba itabadilishwa ukishafika. Na pasipoti yako ukae nayo mwenyewe.

Waajiri wengi huomba shahada, cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, na cheti cha TEFL (mafunzo ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120. Nyaraka hizo hutakiwa kuthibitishwa. Kama nchi yako na nchi unakokwenda zote zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, uthibitisho mmoja uitwao apostili kwa kawaida unatosha. Kama mojawapo haimo, cheti kinapitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na hapo ndipo wiki zinapokwisha. Anza mapema.

Jambo lingine la kujua kabla hujatumia fedha yako: baadhi ya nchi huweka sharti kwamba mwalimu wa Kiingereza atoke katika nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kwanza. Linauma, na mimi silioni kuwa la haki, lakini heri ulisome kwenye masharti ya viza ukiwa nyumbani kuliko kulisikia kwenye dirisha la uhamiaji. Zipo nchi zinazotazama vyeti na uzoefu tu. Elekeza nguvu zako huko.

Uchovu wa kutoelewa

Mwaka 1954, akizungumza Rio de Janeiro, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza hali inayompata mtu anapopoteza zile alama ndogo ndogo alizozizoea: lini usalimie kwa mkono, lini uamini anachosema mtu, lini ukatae. Alitaja hatua kadhaa, kuanzia msisimko wa mwanzo, kisha hasira na kujitenga, hadi mtu anapozoea. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba si kila mtu anapita njia hiyo kwa mpangilio huo, na mimi nakubaliana nao, maana sikupata msisimko wowote. Nilichopata ni uchovu. Nilikuwa narudi chumbani jioni, nakaa kitandani na viatu miguuni, na hata kuamua nioge kwanza au nile kwanza kunanishinda. Mwezi wa tatu ndio ulikuwa mbaya kuliko yote.

Uchovu huo una sababu. Siku nzima kichwa kinakisia: tangazo limesema nini, mwenzangu amekasirika au ndivyo anavyoongea, kwa nini wote wamesimama. Ukijua sababu, hutaanza kujiona dhaifu. Nilichofanya ni kupunguza mambo ya kuamua. Nguo za wiki nilizipanga Jumapili. Nilipita njia ile ile kila siku hadi watu wa njiani wakanijua sura. Simu ya nyumbani niliiwekea siku mbili za wiki na saa maalumu, kwa sababu nilipokuwa napiga kila nilipozidiwa, mama yangu alikuwa ananisikia nikilia tu, naye analala na wasiwasi wakati mimi nimeshatulia. Siku ya simu ilipofika nilikuwa na habari za kumweleza, na yeye anazo za kunieleza.

Tafuta pia kitu kimoja nje ya kazi ambacho hakihusiani na Kiingereza chako. Mimi nilijiunga na kwaya. Sikuelewa mashairi miezi mitatu, lakini sauti ya tatu niliiweza, na irabu zetu tano zilinisaidia kutamka. Pale nilikuwa mgeni anayejifunza, si mwalimu, na watu walinirekebisha kwa upole. Nilipowasikiliza wakinirekebisha ndipo nilipoanza kuwaelewa watoto wangu.

Darasani

Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya huweza kukaa wiki au miezi akisikiliza bila kusema. Stephen Krashen, mtaalamu wa isimu wa Marekani, na wengine wameandika juu ya kipindi hiki cha ukimya, na kitu cha kushika ni kwamba ukimya huo si ukaidi wala ujinga. Nilikuwa na binti mmoja wa miaka minne aliyekaa wiki 11 bila kutoa neno la Kiingereza. Alikuwa akishika pindo la aproni yangu na kunifuata. Nilijaribu kumsimamisha mbele, nikamwahidi stika, nikamrudia swali lile lile mara tatu huku wenzake wakingoja. Nakiri nilikosea. Macho yake yalikuwa yanatua sakafuni na mkono unaishika aproni kwa nguvu zaidi.

Nilipoacha kumdai maneno nikaanza kumpa kazi za mwili. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza njia hii miaka ya 1960: mwalimu anatoa agizo, anatenda mwenyewe, wanafunzi wanatenda, na kusema kunakuja baadaye. Simama, kaa, gusa pua, mpe rafiki kijani, weka mdoli chini ya meza. Yule binti alitenda kila agizo bila kosa, hata yale marefu. Kumbe alikuwa anaelewa yote. Wiki ya 12, tukiwa kwenye foleni ya kuteleza, mvulana mmoja alimpita. Yule binti akamshika bega, akasema waziwazi, "No. My turn." Kisha akateleza. Sikumpigia makofi wala sikumwita mtu aje asikie. Nilisema tu, "Yes, your turn," nikaendelea na foleni, na siku hiyo alisema maneno mengine manne.

Ndiyo maana sasa sianzi na majina ya wanyama. Naanza na vifungu vizima ambavyo mtoto anavihitaji kabla ya saa sita mchana: "my turn", "help me, please", "I'm finished", "one more". Tembo atamwona kwenye kadi. Zamu yake kwenye bembea anaipigania kila siku.

Gawanya kipindi vipande vya dakika tano hadi kumi, na baada ya kila kipande cha kukaa kiwepo cha kusimama. Mpangilio usibadilike: wimbo wa salamu, hali ya hewa dirishani, mchezo wa maagizo, hadithi, kazi ya mikono, wimbo wa kuagana. Nyimbo zangu nilizitunga mwenyewe, mistari minne, sauti moja. Mtoto asiyeelewa lugha anajua yuko wapi kwa sababu anajua kinachofuata, kama mimi na njia yangu ya kila siku. Siku nilipoondoa wimbo wa kuagana kwa sababu muda umekwisha, watoto watatu walikataa kuvaa viatu.

Usiwaulize, "Mmeelewa?" Wote watasema ndiyo. Waambie waoneshe.

Sasa matamshi, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake ni kama 44, na maneno mengi hufungwa na konsonanti. Mwezi wangu wa pili nilionyesha kadi nyekundu, na watoto 14 wakajibu kwa pamoja, "redi". Hawakukosea, waliiga nilivyosema. Jioni nilijirekodi kwa simu nikisoma orodha ya maneno 20, nikasikiliza, nikasikia vijirabu vidogo mwishoni mwa maneno tisa. Nilifanya zoezi hilo dakika kumi kila siku kwa mwezi mmoja. Zoezi jingine ni jozi: "ship" na "sheep", "cat" na "cut", "bat" na "bad". Wewe ndiye sauti ya kwanza ya lugha hii masikioni mwao, kwa hiyo jitahidi. Lakini lafudhi yako usiifiche. Mzazi mmoja aliwahi kulalamika ofisini kwamba siongei kama watu wa kwenye runinga. Nilimwalika akae nyuma ya darasa nusu saa. Alimsikia mwanawe akiomba gundi, akimshukuru mwenzake, akiuliza rangi. Hakuleta tena lalamiko hilo.

Linda koo lako. Walimu wa watoto wadogo hupoteza sauti, na kupaza sauti juu ya kelele huongeza kelele. Maria Montessori, daktari na mwanaelimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alikuwa na mchezo wa ukimya ambamo watoto walitulia wakaitwa majina yao kwa mnong'ono, mmoja mmoja. Mimi hufanya hivyo kabla ya kutoka nje: nanong'ona jina, mtoto anainuka kwa ncha za vidole na kuja mlangoni. Watoto 14 huchukua dakika tatu, na hakuna anayesukumana.

Miezi ya mwanzo utapata mafua mara kwa mara, maana watoto hupiga chafya usoni na kushikana vitu. Nawa mikono pamoja nao, na siku ukiwa na homa usiende.

Na kuna mambo ya usalama ambayo mgeni hujikwaa kwayo kwa kutojua. Uliza wiki ya kwanza nani anaruhusiwa kumpeleka mtoto chooni na kumbadilisha nguo, mtoto akumbatiwe vipi, na nani anaruhusiwa kumchukua. Usikae na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Picha za watoto usiziweke kwenye kurasa zako binafsi, hata kama ni nzuri na watu wa nyumbani wanakuomba uwaonyeshe maisha yako.

Mwalimu msaidizi ndiye mtu wa kumheshimu kuliko wote. Anajua nani wazazi wake wametengana, nani hakulala, neno gani mtoto analia nalo. Mimi nilikuwa nikimwachia dakika tano kila siku baada ya watoto kuondoka, anieleze kwa ishara na kwa maneno machache tuliyoshirikiana. Yeye ndiye aliyenifundisha lugha yao, neno moja kwa siku, na mimi nikimwandikia moja la Kiingereza ubaoni.

Mkataba wako ukikaribia kuisha, usiwaambie watoto siku ya mwisho. Mimi hutengeneza mnyororo wa karatasi wenye pete kumi, na kila asubuhi mtoto mmoja anakata moja, wanahesabu wenyewe zilizobaki. Wakati huohuo mwandikie mwalimu atakayekupokea daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtoto: anapenda nini, anaogopa nini, anasema nini. Kwenye ukurasa wa yule binti wa aproni niliandika kwamba anapenda kushika kitu anaposikiliza, apewe kitambaa au mdoli, na asiulizwe mbele ya wenzake kabla hajainua mkono mwenyewe.