Kuogelea kwenye mawe ya ziwani Mwanza: mwongozo wa asubuhi moja

Wengi wetu Mwanza tunalijua ziwa kwa kulitazama kutoka barabarani au tukiwa kwenye kivuko. Ipo raha nyingine: kukatiza vichaka katikati ya mawe makubwa mpaka pale yanapoingia ziwani na kuacha kona yenye kina, maji yametulia, unaona hadi chini. Mimi huwapeleka ndugu na wageni kwenye kona za namna hiyo upande wa Luchelele, na ningependa na wewe uende.

Ila tuelewane mapema. Hakuna sehemu ya ziwa hili unayoweza kuapa kwamba haina kichocho. Anayetaka uhakika kamili atembee, apumzike juu ya mawe, kisha akaogelee kwenye bwawa la hoteli. Wewe unayeamua kuingia, kazi yako ni mbili: kuchagua saa na kuchagua maji.

Hatua ya 1: Panga saa kabla ya kupanga kitu kingine

Uwe majini kati ya saa 1 na nusu na saa 3 asubuhi. Kiboko hula majani nchi kavu usiku na hurudi majini kunapopambazuka, na hatari kubwa ni kumkuta njiani ukiwa umesimama kati yake na ziwa. Mamba naye huwinda zaidi jioni na usiku. Kwa hiyo usitangulie jua. Lakini usichelewe pia: konokono wanaobeba kichocho huachia vimelea kwa wingi kadiri mwanga na joto vinavyoongezeka, na mchana ndio kilele. Halafu jua likishapanda, upepo wa ziwani huanza kusukuma mawimbi kwenye mawe. Ukiyaweka hayo yote pamoja, unabaki na saa moja na nusu nzuri. Ile desturi ya kwenda Jumapili mchana baada ya kula inakupeleka majini wakati vimelea ni vingi kuliko saa nyingine yoyote.

Baada ya mvua kubwa, acha zipite siku kadhaa. Maji ya mvua hushuka kutoka vilimani na kila kitu, vikiwemo vya vyooni.

Hatua ya 2: Beba vichache

Viatu vya kamba vyenye soli inayoshika, na vingine vya zamani vya kuingilia majini. Taulo kavu. Maji ya kunywa, maana ya ziwa hayanywewi. Kamba ya mita kumi hivi, na dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko unaobana. Ukilifunga kwenye kamba hiyo unapata boya la kumrushia mtu. Mwenye jaketi la kuokolea na alibebe, ni bora zaidi.

Na mtu wa pili. Huyo habebwi kwenye mkoba, lakini bila yeye usiende.

Hatua ya 3: Anzia mwaloni

Panda daladala hadi Nyegezi, kisha bodaboda kupita Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, hadi Luchelele. Usikimbilie mawe. Pitia kwanza mwaloni wavuvi wanapoteremsha samaki. Salimia vizuri: shikamoo kwa wazee, na ukiongeza "mwangaluka" ya Kisukuma utaona nyuso zinavyofunguka. Kisha uliza swali lenyewe: "Baba, huku mamba au kiboko ameonekana lini?" Usiulize kama ni salama, kwa sababu mtu mpole atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Ukiuliza "lini", utaambiwa siku na mahali. Wakikuambia wiki hii, safari yako inaishia juu ya mawe.

Uliza pia njia ipi inapitika. Viwanja vingi vya kando ya ziwa vina wenyewe, na kuomba kupita ni adabu.

Hatua ya 4: Kutembea

Njia ni fupi, lakini usiiharakishe. Tazama chini pembeni mwa maji: unyayo mpana wenye vidole vinne ni wa kiboko, na kinyesi kilichotawanywa juu ya vichaka ni chake pia, maana hukirusha kwa mkia. Ukiona vichochoro vilivyolala majani kuelekea majini, usivifuate.

Juu ya mawe utawaona pimbi wakiota jua, na mijusi dume wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu. Jina la kisayansi la mijusi hao, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza yetu. Usitie mkono kwenye nyufa usizoziona ndani. Nyoka nao hupenda mawe yenye joto.

Hatua ya 5: Yasome maji

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kaa juu ya jiwe robo saa nzima bila kuvua nguo.

Kataa mara moja kona yenye matete, mafunjo au magugu maji. Hapo ndipo konokono wanapopata chakula na kivuli, na mamba anapojificha. Okota kijiti au jani lililozama pembezoni uligeuze. Ukikuta konokono mdogo wa kahawia, bapa, aliyejiviringa kama kifungo cha shati, huyo ni wa kundi linalobeba kichocho cha tumbo. Usipomkuta usishangilie: ziwa hili lina aina nyingine ya kundi hilo inayoishi mbali na ukingo, kwenye maji marefu, na vimelea vyenyewe havionekani kwa macho.

Kataa pia maji yenye utando wa kijani unaoelea. Usiingie karibu na mahali watu wanapofulia au mfereji unapomwagia.

Kona ninayoikubali ina sifa hizi: mawe matupu pande zote, maji yanayotembea kidogo, chini panaonekana, na mahali pa wazi pa kutokea. Chunguza nyavu pia. Vipande vya nyavu vya plastiki hunasa kwenye mawe na ndani ya maji huvioni mpaka mguu umeshikwa.

Hatua ya 6: Kuingia

Mmoja anabaki juu, mkavu, ameshika kamba. Mwingine anateremka akiwa amekaa, kwa sababu mawe yenye ute wa kijani huteleza vibaya. Usiruke kichwa mbele hata kama wenyeji wanaruka. Wao wanalijua kila jiwe lililo chini. Kina hushuka ghafla hatua moja tu kutoka kwenye jiwe, hivyo asiyejua kuogelea asishuke.

Dakika kumi zinatosha. Ukitoka jifute kwa nguvu mara moja. Inaweza kusaidia kidogo, lakini vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo usiitegemee.

Watoto wangu hawashuki majini. Siku ya watoto twende Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane: boti ni ya muda mfupi kutoka mjini, na mawe na pimbi wapo.

Hatua ya 7: Andika tarehe

Wengi husubiri kukojoa damu. Kichocho cha ziwani kwetu ni cha tumbo: hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na huharibu ini taratibu, na mkojo unaweza kubaki safi kabisa. Kipimo ni cha choo kikubwa.

Usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha. Andika tarehe uliyoogelea, kisha nenda kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane. Ukipata homa, kikohozi au upele wa kuwasha kabla ya hapo, nenda siku hiyohiyo, na usiishie kupima malaria. Mwambie daktari kwamba uliogelea ziwani, na umpe tarehe.