Nailoni Si Mfuniko: Pima Shingo ya Dumu la Petroli Kabla ya Kutafuta Kifuniko Kipya

Kila pampu za kumwagilia zinapoanza kutolewa stoo, naitwa kutazama injini iliyogoma. Nakuta plagi imeshabadilishwa na mwenye pampu amevuta kamba mpaka kiganja kimechubuka. Sianzi na injini. Naomba nioneshwe dumu la petroli, na hapo nakutana na yaleyale: mfuniko uliokopwa kwenye dumu jingine, na chini yake kipande cha mfuko wa nailoni kilichokunjwa mara mbili "ili ubane".

Ndugu wakulima, haubani. Nailoni hiyo ikilowa petroli inalegea na kuvimba, na kila unapozungusha mfuniko inachanika kidogo. Vipande vyake vinashukia ndani ya dumu, vinahamia kwenye tangi la pampu, na kimoja tu kikifika kwenye tundu la jeti la kabureta, tundu jembamba kuliko pini, umekwama katikati ya shamba. Hapo bado sijataja kilichopotea hewani. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu yake nyepesi, ile inayosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, ndiyo inayotoroka kwanza. Kinachobaki kina rangi ya petroli na harufu ya petroli, lakini asubuhi injini haitaki kuamka. Halafu lawama anabebeshwa fundi.

Maji nayo yana njia yake. Mchana dumu linapata joto na mvuke unasukumwa nje. Usiku linapoa na kuvuta hewa kurudi ndani. Kama kuna umande au maji ya mvua yametuama kuzunguka mfuniko mbovu, yanavutwa pamoja na hewa hiyo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanalala chini, na ukija kumimina mpaka tone la mwisho unayapeleka yote kwenye tangi.

Kuhusu moto nitasema moja tu, maana hatari yenyewe mnaijua ila mnaipima vibaya. Mvuke wa petroli ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa. Haupandi kwenye dari. Unatambaa sakafuni mpaka ulikute jiko. Na usijidanganye kwamba ni suala la siku za joto, kwa sababu petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri.

Wapo pia wanaotoboa mfuniko kwa msumari wa moto ili petroli itoke vizuri wakati wa kumimina. Jamani! Msumari wa moto kwenye kitu kilicholowa petroli? Na ukiponea hapo, umejitengenezea tundu la kuvuja usiku kucha. Wengine wanachukua mfuniko wa chupa ya dawa ya kuua wadudu kwa sababu "umeingia". Huo una sumu kwenye nyuzi zake, yaani ile mistari ya kuzungushia, nawe unaushika kwa mikono mitupu kila siku. Tupa.

Sasa tupime, kwani kosa lote linaanzia kwenye kukadiria kwa macho. Mifuniko inayopishana upana kwa milimita 2 inafanana kabisa ukiishika, na mmoja utazunguka vizuri kisha uruke dumu likipata joto. Rula peke yake haitoshi, kwa kuwa huwezi kupata katikati halisi ya duara. Chukua ukanda wa karatasi wenye upana wa kidole, uzungushie shingo ya dumu juu ya migongo ya nyuzi, uwe sawasawa, usifuate mteremko wa uzi. Weka alama pale ncha inapokutana na karatasi. Nyoosha, pima, gawanya kwa 3.14. Ukipata milimita 198 kwenye karatasi, shingo yako ni milimita 63. Uzuri wa njia hii ni kwamba ukikosea milimita 1 kwenye karatasi, umekosea theluthi moja tu ya milimita kwenye upana. Mwenye kalipa, kile kifaa cha kubana kitu na kusoma upana wake, aitumie, lakini karatasi haijaniangusha.

Kipimo cha pili ni hatua ya uzi, yaani umbali kutoka mgongo mmoja hadi unaofuata. Laza karatasi kwa wima ubavuni mwa shingo, pitisha penseli kwa kulaza ncha, na mistari itajichora yenyewe. Kama shingo ina migongo mitatu, pima kutoka wa kwanza hadi wa tatu, gawanya kwa 2. Tuseme umepata milimita 12; hatua yako ni 6. Mfuniko wa hatua 5 utashika nusu mzunguko, utagoma, nawe utadhani umekaza. Ukiulazimisha kwa koleo unakula nyuzi za shingo, na shingo haina spea.

Cha tatu hakuna anayekipima, na ndicho kinachozaa nailoni. Pima kimo cha shingo kutoka ukingo wa mdomo mpaka bega la dumu. Kisha pima kina cha mfuniko kwa ndani, kutoka mpira wake wa kuzibia hadi ukingo wa chini. Kina hicho lazima kiwe kidogo kuliko kimo cha shingo. Mfuniko ukiwa mrefu zaidi, ukingo wake unagota kwenye bega kabla mpira haujagusa mdomo. Mkono unakwambia umekaza, kumbe ndani pako wazi. Ndipo mtu anachomeka nailoni kujaza pengo, badala ya kukubali kwamba mfuniko si wake.

Andika vipimo vyote vitatu kwenye karatasi uende nayo dukani, au ubebe dumu lenyewe likiwa tupu. Usiende na mfuniko uliokopa kama sampuli. Utanunua kosa jipya.

Ukishapata mfuniko wa saizi, ukague mpira. Mpira unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli haufai, hata kama umekaa vizuri siku ya kwanza. Petroli inaunywa, unavimba, unatoka kwenye nafasi yake. Unaotakiwa ni mpira wa nitraili, wa aina inayotumika kwenye mipira ya mafuta ya injini, wenye unene wa milimita 3. Kama huujui kwa macho, kata ukanda wa milimita 20, uweke kwenye kichupa cha kioo chenye petroli kijiko kimoja, kifunike, kiache nje kivulini kwa saa 24. Mpira wa kweli utaongezeka kidogo sana. Ukivuka milimita 22, ni wa kutupa. Wa tyubu utauona umekuwa kama ulimi.

Na kukaza kuna kipimo chake. Mpira wa milimita 3 unatakiwa ubanwe kama robo ya unene wake, yaani chini kidogo ya milimita 1. Kwa uzi wa hatua 6, mzunguko mzima unashusha mfuniko milimita 6. Kwa hiyo, ukishahisi mpira umegusa mdomo, ongeza nusu ya robo mzunguko tu, kama mshale wa saa utokao kwenye 12 na kusimama katikati ya 1 na 2. Basi. Anayekaza kwa kuning'inia anaukata mpira wake mwenyewe, kisha anakuja kulalamika kwamba mifuniko ya siku hizi ni mibovu.

Mwenye dumu la chuma lenye mfuniko wa kubana kwa wenzo ana kazi nyepesi: abadilishe mpira tu, mfuniko aache. Umbo hilo ni la Wajerumani, la mwaka 1937, na neno jerikeni tumelipata kutokana na jina la utani ambalo Waingereza waliwaita Wajerumani hao. Hata wao waliacha nafasi ya hewa juu, jambo ambalo wengi wetu tunalikataa mpaka leo. Petroli inatanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi joto 10. Dumu la lita 20 lililojazwa asubuhi kwenye nyuzi 18 na kufika 38 mchana linatafuta nafasi ya karibu lita 0.4 zaidi. Jaza lita 19, uishie hapo. Ukijaza mpaka shingoni, hata mfuniko bora utalia machozi.

Kabla ya kuuamini mfuniko mpya, ujaribu kwenye dumu tupu la plastiki, nje, mbali na moto na sigara, kwani dumu tupu lina mvuke mwingi wa kuwaka. Funga, paka povu zito la sabuni kuzunguka mfuniko, libane dumu kwa magoti huku ukihesabu mpaka 30. Mapovu yakichipuka mahali, geuza mpira, jaribu tena. Yakichipuka palepale mara ya pili, tatizo ni mdomo wa dumu: una mkwaruzo au umepinda, na hilo dumu halifai tena kwa petroli. Wala usiligeuze la maji ya kunywa.

Ukifungua mchana ukasikia "tsss" fupi, umefaulu.

Mpira ukaguliwe mwanzo wa kila msimu. Ukiukunja ukaona nyufa, badilisha. Nunua mifuniko miwili kwa mpigo, maana hupotea shambani, mtu anauweka juu ya pampu inayotikisika halafu anautafuta majanini jioni. Ufunge kwa kamba kwenye mshikio wa dumu, kamba izunguke shingo ya mfuniko, isipite kwenye tundu lolote. Ule wa zamani uliokuwa na nailoni, ukate vipande viwili kabla ya kuutupa. Ukiuacha mzima, kesho jirani atauokota.