Filamu fupi ya michezo: anza na mtu, mechi itafuata

Wengi wakitaka kutengeneza filamu fupi ya michezo wanaanza na mechi. Wanawaza goli la dakika ya mwisho, mashabiki wanashangilia, mchezaji kabebwa juu juu, wanaona stori ishakamilika. Bado kabisa. Mechi watu wanaziona kwenye tivii kila wiki, tena zinapigwa na kamera nyingi kuliko utakazopata wewe, so ukishindana na matangazo ya mpira utafungwa mapema sana. Ila una kitu ambacho matangazo hayana, unaweza kuingia na mchezaji chumba cha kubadilishia nguo, ukakaa naye anafunga kamba za viatu na vidole vinatetemeka, na mtazamaji akawa anajua kwa nini vinatetemeka. Anzia hapo.

Michezo inapendeza kwenye skrini kwa sababu inakupa bure vitu ambavyo mwandishi wa drama nyingine anavihangaikia kurasa nzima. Kuna muda unaoisha, kuna sheria ambazo karibu kila mtu anazijua, kuna wa kushinda na wa kushindwa. Huna haja ya kumweleza mtu kwamba penati ni jambo zito. Lakini hivyo vyote ni mazingira tu, stori inatoka kwenye kile anachokitaka mhusika wako, na mara nyingi sio kombe. Chukua Rocky ya 1976, bondia anapoteza pambano kwa pointi na bado ile filamu ikabeba Oscar ya filamu bora, kwa sababu usiku wa kabla ya pambano alishasema anataka tu kumaliza raundi zote 15 akiwa bado amesimama. Sisi watazamaji tulishajua tunamsubiria nini, uamuzi wa majaji ukawa jambo la pili.

Sasa kwenye kuandika, chagua tukio moja dogo halafu kila ukurasa uelekee huko. Mimi napenda sana penati na nitakwambia sababu. Kutoka nukta hadi golini ni mita 11, mpira ukienda kilomita 100 kwa saa unafika chini ya nusu sekunde, yaani tukio lenyewe ni fupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Ila kwenye matuta, zile penati za kuamua mshindi baada ya sare, mpigaji anatoka katikati ya uwanja, anatembea kama mita 40 peke yake, wenzake wako nyuma hawawezi kumsaidia chochote. Hiyo ni kama nusu dakika ya kutembea, na drama yako yote imo humo.

Mfano, mpigaji ni binti, na golini amesimama dada yake mkubwa anayechezea timu nyingine, yeye ndo aliyemfundisha kupiga mpira tangu wakiwa wadogo. Usiku wa kabla wako nyumbani wanafua jezi zao kwenye beseni moja, dada mtu anauliza bila kuinua macho, "Kesho ukipata penati utapiga wapi?" Mdogo mtu anakamua jezi, anachelewa kidogo kujibu, "Kulekule." Basi, hapo usiongeze neno. Hatujui kama kasema kweli, dada naye hajui, na mtazamaji akishaisikia hiyo "kulekule" ile mita 40 inakuwa ndefu mno. Linganisha na kocha anayetoa hotuba ya dakika mbili kuhusu kujiamini, utaona mwenyewe ipi inabana kifua.

Kuhusu urefu, kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, ila kwenye michezo hesabu hiyo inadanganya, maana ukiandika "wanacheza" neno moja linaweza kula dakika tatu. Andika kinachoonekana: nani ana mpira, nani anamwangalia nani, nani anageuka. Oscar wanahesabu filamu fupi mpaka dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini kama ndo unaanza usivuke 10, utaimaliza na watu wataimaliza.

Waigizaji sasa. Nikipewa kuchagua kati ya mwigizaji asiyejua mpira na mchezaji ambaye hajawahi kuigiza namchukua mchezaji, kwa sababu mkimbio wa kuigiza unaonekana mara moja, jinsi mtu anavyotuliza mpira huwezi kumfundisha wiki mbili. Mpe maneno machache tu. Na usiwaache wacheze mechi ya kweli ukitegemea kamera itabahatisha kitu kizuri, pangeni kila mwendo kama ngoma, mfanye taratibu kwanza, halafu kwa kasi, mpaka kila mtu ajue anakanyaga wapi. Hiyo inapunguza na kuumia.

Kamera chagua upande mmoja wa uwanja ukae hapohapo. Ukivuka kwenda upande wa pili, timu iliyokuwa inashambulia kulia itaonekana inashambulia kushoto na mtazamaji atapotea. Slo-mosheni (mwendo wa polepole) piga kwa fremu, yaani picha, 50 kwa sekunde kisha cheza kwa 25, shata, yaani muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, weka 1/100 ya sekunde, na uwe na mwanga wa kutosha. Tumia mara moja tu, au mbili. Kila kitu kikienda polepole hakuna tena kilicho muhimu.

Kuna kosa liliniuma sana na nataka ulikwepe. Picha za teke nilizipiga asubuhi, za nyuso nikazipiga jioni, na kwenye kuediti vivuli vimehama upande, jezi ina tope halafu haina, jasho lipo halafu limekauka. Siku nzima ya watu ikapotea. Tangu hapo napiga sini (matukio) za wachezaji wakiwa wakavu kwanza, za jasho na tope mwisho, nachukua picha ya kila mchezaji kwa simu kabla hatujapumzika, na nina chupa ya kupulizia maji niliyochanganya na gliserini kidogo ili jasho lisikauke haraka.

Mashabiki 15 wanatosha. Wabananishe, tumia lenzi ndefu (ya kuvuta mbali), wabadilishe nguo na kukaa kwingine, piga tena. Umati utaujenga kwa sauti. Na sauti ndo naomba uipe muda kuliko vyote, rudi uwanjani ukiwa na maiki siku nyingine urekodi teke, pumzi, njumu zikigonga sakafu ya saruji, wavu ukitikisika. Kwenye ile mita 40 punguza umati kidogo kidogo mpaka ibaki pumzi ya mpigaji na nyasi chini ya viatu.

Halafu teke lenyewe. Kamera isiufuate mpira, kaa na uso wa dada golini, ile sekunde anayoamua kama amwamini mdogo wake. Anaruka, anatoka kwenye fremu, tunabaki na nyasi tupu. Tusikie teke, kisha kiganja kikigusa mpira au wavu ukitikisika, kimoja tu kati ya hivyo, ukate hapo hapo kabla mtu yeyote hajashangilia.