Jinsi ya kuwatambua watu na shule zinazoihudumia jamii, isiishie kwenye picha tu

Wengi tukitaka kutoa tuzo tunaanza na cheti: nani atakichapisha, mgeni rasmi nani, viti vingapi, halafu jina la mtu wa kupewa linatafutwa wiki ya mwisho na anaibuka yule yule anayejulikana na kila mtu. Mi nashauri mgeuze. Cheti kiwe kitu cha mwisho kabisa.

Kutafuta ndo kazi yenyewe. Usiulize "nani anastahili tuzo", watu watakutajia viongozi na wenye pesa. Uliza hivi: ukikwama saa sita usiku unampigia nani? Nani akisafiri wiki moja tu mambo yanalala? Hapo majina yatakayotoka utashangaa, mara mlinzi, mara mama anayekaa na watoto wa wenzake wakiwa kazini, mara kijana anayewajazia wazee fomu na hachukui hata senti. Jina moja likitajwa na watu watatu ambao hawajuani, shikilia hapo hapo. Na waulize waliosaidiwa, maana anayesaidia kweli mara nyingi hata hajui kama anachofanya kina jina, yeye anaona ni kuishi na watu tu.

Kwenye shule watu wanakimbilia matokeo ya mtihani. Sawa, matokeo ni muhimu, ila yanakuambia shule imewafanyia nini wanafunzi wake, ya majirani hayamo. Angalia vitu vingine. Jioni masomo yakiisha geti linafungwa au kuna watu wazima wanaingia kujifunza kusoma? Mtoto akiacha kuja, kuna mwalimu anayefunga safari mpaka kwao au jina linakatwa tu kwenye daftari la mahudhurio? Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anafikaje darasani, mwenyewe au anabebwa na wenzake kila siku? Ukienda, nenda siku ambayo hawakutegemei, siku ya wageni kila shule inapendeza.

Halafu msizishindanishe zote kwenye kapu moja, yaani shule kubwa yenye kila kitu itakafunika kashule kanakohangaika na madarasa matatu. Zile World's Best School Prizes, tuzo za dunia za shule bora zinazotolewa na shirika la elimu la T4 Education tangu 2022, zimegawanywa vipengele vitano, kimoja ni cha kushirikiana na jamii peke yake na kingine ni cha shule zilizopita kwenye magumu. Wazo hilo azimeni, hata kwa tuzo ndogo ya mtaa inafaa. Na mkiipa shule, tajeni na watu kwa majina, mpishi, dereva, mtu wa usafi, la sivyo mkuu wa shule anapokea ngao, inakaa kabatini ofisini kwake, biashara imeisha.

Sasa kuandika pendekezo. "Ni mtu mwenye moyo wa kujitolea na upendo kwa wote", hiyo unaweza kumwandikia yeyote, hata marehemu usiyemjua. Andika alifanya nini, tangu lini, mara ngapi, na nini kimebadilika. Kwa mfano: "kila Jumamosi kwa miaka minne anawafundisha hesabu watoto kumi na wawili kwenye baraza lake, na akiumwa anamtuma mwanawe." Sentensi moja kamati imeshamwona mtu. Ona Peter Tabichi, yule mwalimu wa Kenya aliyeshinda Global Teacher Prize, tuzo ya dunia ya mwalimu bora, mwaka 2019, zawadi ilikuwa dola milioni moja lakini watu wengi wanachokisimulia ni kwamba alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wenye shida. Kitendo kinachohesabika hakisahauliki.

Kamati iwe ndogo, na mwenye ndugu yake kwenye orodha anatoka nje jina hilo likijadiliwa. Hapo msioneane aibu.

Kuna kosa moja linafanyika kwa nia njema kabisa, la kutangaza mapema kwamba anayejitolea zaidi mwaka huu atapata zawadi fulani. Mwaka 1973 huko Marekani wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walifanya jaribio na watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora: walioahidiwa cheti wakichora, baadaye hamu ya kuchora ilishuka, ila waliopewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa haikushuka. Ni watoto, najua, mtu mzima ana mambo yake, lakini mi ningefanya iwe sapraizi na habari ya kukusanya pointi ningeiacha kabisa.

Kama hamna bajeti andikeni barua. Kumar na Epley walichapisha utafiti mwaka 2018 wakaonyesha kwamba wanaoandika barua za shukrani wanadhani mpokeaji ataona ni kitu cha ajabu ajabu, kumbe mpokeaji anafurahi kuliko walivyotegemea. Kwa hiyo ile aibu ya "ataniona vipi" ipuuze, kaa uandike. Mkitaka siku maalumu zipo, 5 Oktoba ni ya walimu na 5 Desemba ni ya wanaojitolea, ingawa barua ya Jumanne ya kawaida nayo inafika.

Kabla ya kuposti chochote, muulize mhusika kama anataka kutajwa, wengine wanasaidia kimya kimya na wana sababu zao. Waliosaidiwa msiwaweke kwenye picha kama ushahidi, na picha za watoto mpaka mzazi akubali.

Mwisho jina. Muulize mwenyewe linaandikwaje, usichukue la kwenye simu yako. Sisi tuliwahi kukosea herufi moja tu kwenye cheti cha mama mmoja, akapokea, akacheka, akashukuru vizuri sana, nikaja kumtembelea baadaye nikakuta fremu ipo ukutani na cheti kimegeuzwa, mbele kaweka picha ya wajukuu.