Ukiandaa kikao cha hadithi Kisumu, angalia paa kwanza

Kabla hujalipia ukumbi, inua macho. Kama ni mabati matupu bila dari, kikao chako kiko mikononi mwa mvua. Huku kwetu mawingu hupenda kukusanyika alasiri, na matone yakianza kugonga mabati, hata aliyekaa mbele kabisa anaona midomo tu. Yalinipata mtaani Nyalenda: msimulizi alikuwa amefika pale Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Kiluo, anapomwambia mkewe amchanje dawa kwenye kivuli, mvua ikashuka. Tulingoja weee, hadi watoto wakachoka wakaanza kuchezea viti.

Siku hizi natafuta chumba chenye dari, au banda la nyasi. Siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo watoto wa Kiluo walisimuliwa sigana, yaani hadithi, usiku, ilikuwa ya nyasi. Mvua ilinyesha nje na nyanya akaendelea kwa sauti ileile ya chini. Maikrofoni ya nini?

Viti panga nusu duara, si kama kanisani.

Halafu kibwagizo. Sigana nyingi zina wimbo ndani yake, basi wafundishe watu mistari yake miwili kabla ya hadithi kuanza, hasa wale wasiojua Dholuo. Mvua ikiwakuta mko chini ya mabati, msimulizi aanzishe wimbo huo. Sauti yake peke yake haitasikika, lakini watu arobaini wakiitikia na kupiga makofi, mabati yatanyamaza.