Jinsi ya kukata bima ya gari Mtwara na Lindi: bima ndogo, ya wizi na moto, au bima kubwa

Amua aina ya bima kabla hujafika kwa wakala. Ukienda bila uamuzi utakatiwa ndogo, kwa sababu ndiyo wengi wanayoitaka na ndiyo ya haraka kuandika.

Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria. Ukimgonga mtu, au ukaharibu gari, duka au ukuta wa mwingine, bima inabeba deni hilo. Gari lako halimo. Kwa gari binafsi la kawaida ni shilingi 100,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000. Ya kati inaongeza wizi na moto kwa gari lako, lakini likipinduka kwenye kona matengenezo ni yako. Bima kubwa inabeba yote hayo pamoja na ajali ya gari lenyewe, na hulipiwa kwa asilimia ya thamani. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, gari la milioni 15 linatoka 525,000. Weka VAT 94,500, jumla 619,500. Gari la zamani la milioni nne halihitaji bima kubwa. Gari la mkopo kwa kawaida halina hiari, benki yenyewe itaidai.

Hatua ya kwanza ni karatasi: kadi ya gari, namba ya NIDA, TIN na simu. Tazama jina kwenye kadi. Magari mengi huku yamenunuliwa mkononi Dar es Salaam na kadi bado inasoma mwenye gari wa zamani. Malizia uhamisho TRA kwanza, kwani ikitokea ajali kampuni itauliza unalidai vipi gari ambalo kisheria si lako.

Kwa bima kubwa gari hukaguliwa na kupigwa picha pande zote. Taja mwenyewe mkwaruzo au taa iliyopasuka, iandikwe. Kisha thamani, na hapa ndipo watu wanapojiumiza. Gari la milioni 15 ukiliandikisha milioni 10 ili kupunguza ada, ukapata hasara ya milioni tatu, utahesabiwa theluthi mbili tu, yaani milioni mbili, na bado linatolewa lile fungu la kwanza la hasara ambalo mteja hubeba mwenyewe. Uliza fungu hilo ni kiasi gani kabla ya kulipa. Kuongeza thamani nako hakusaidii: utalipwa bei ya soko.

Sehemu ya matumizi ya gari ijaze kwa ukweli. Noah iliyoandikwa binafsi huku inapakia abiria wa Masasi kwa nauli, au pikapu "ya nyumbani" inayobeba magunia ya watu ya korosho msimu ukifunguka, ni sababu tosha ya kunyimwa fidia. Ada ya biashara ni kubwa zaidi, ndiyo, lakini bima uliyokata kwa matumizi ya uongo ni stika tu.

Uliza pia mafuriko. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam wilayani Kilwa. Usikubali jibu la mdomo kwamba "bima kubwa ina kila kitu"; omba uoneshwe mstari wenyewe kwenye mkataba. Na kama unavuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji, kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka, haifiki huko. Utakata bima ya upande wa pili.

Lipa kwa kampuni, usilipe kwenye simu binafsi ya wakala. Bima haianzi mpaka ada imelipwa. Ukishapewa stika, ingia tovuti ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, sehemu ya kuhakiki, weka namba ya usajili. Soma aina ya bima, tarehe ya kuanza na kuisha, na herufi za namba moja moja. Herufi moja ikikosewa, trafiki atakuona huna bima. Bima yako ikikosekana kabisa kwenye tovuti, rudi kwa wakala siku hiyo hiyo.

Ajali ikitokea, ripoti polisi na kwa kampuni mara moja. Gari likaguliwe na polisi, nawe upate PF 90, taarifa ya polisi ya ajali. Majeruhi wapate PF 3, fomu ya polisi ya matibabu. Usikiri kosa kwa maandishi wala kuahidi kumlipa mtu pale barabarani, na usipeleke gari kwa fundi kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona. Madai mengi hufia kwa fundi: bampa limeshanyooshwa, ushahidi umeondoka.

Ukikataliwa, dai barua yenye sababu. Kwa barua hiyo unaweza kulalamika TIRA Kanda ya Kusini, ofisi iko Mtwara, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.