Kubuni Kisu Kidogo Kisichokunjwa cha Kubeba Kila Siku: Kuanzia Karatasi hadi Ala

Kisu cha kubeba kila siku huharibikia mahali pawili: unene wa bapa na umbo la mpini. Aina ya feleji, ambayo ndiyo watu huuliza kwanza, ina uzito mdogo kuliko hayo mawili. Feleji ya kawaida iliyosagwa ikawa nyembamba itakata mchana kutwa bila kukuchosha. Feleji ya bei kubwa yenye bapa nene itapasua tufaha badala ya kulikata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo, kabla chuma hakijaguswa.

Andaa karatasi ya miraba, penseli, rula, vernia (kifaa cha kupimia unene), kadibodi ngumu, plaiwudi ya milimita 3, vipande vya mbao laini, msumeno mdogo, tupa na msasa.

Hatua ya 1: Andika kazi na mipaka

Orodhesha kazi ambazo kisu kitafanya kweli: kufungua maboksi, kukata kamba, kumenya matunda, kuchonga kijiti. Ukiandika "kila kitu" utaishia na kisu kizito kisichofanya lolote vizuri. Kupasua kuni na kubandua vitu si kazi ya kisu hiki. Ukiziingiza kwenye orodha, utalazimika kuongeza unene, na kila kazi nyingine itadhoofika.

Kisha andika kitakapokaa: kwenye mkanda, mfukoni, au ndani ya begi. Soma pia sheria ya mahali utakapokibeba kabla ya kuchora. Kwa mfano, Uingereza hairuhusu kubeba kisu kisichokunjwa hadharani bila sababu ya msingi, hata kiwe kifupi namna gani. Sehemu nyingine huweka kikomo cha urefu wa makali, na ni rahisi zaidi kufupisha mchoro kuliko kufupisha kisu.

Hatua ya 2: Pima kiganja

Pima upana wa kiganja kwenye vidole vinne, bila kidole gumba. Ukipata milimita 85, mpini wa vidole vinne uwe na urefu wa milimita 95 hadi 100. Mpini wa vidole vitatu, wa milimita 75 hivi, unafichika vizuri mfukoni, ila utapoteza nguvu ya kuvuta. Usikubali urefu wa katikati. Mpini unaoishia chini ya kidole cha mwisho humchoma mtumiaji kwa kona yake kila anapokaza mkono, na hakuna msasa utakaoponya hilo. Chagua vitatu au vinne, halafu uchore kwa uamuzi huo.

Hatua ya 3: Chora umbo la ubavuni

Chora kwa ukubwa halisi. Vipimo vizuri vya kuanzia ni makali ya milimita 70, kimo cha bapa milimita 24 na mpini wa milimita 98.

Piga mstari wa katikati ya mpini, uuendeleze hadi mbele, kisha weka ncha kwenye mstari huo wenyewe au milimita 2 tu juu yake. Ncha ikiwa juu sana, utakapochoma utepe wa boksi itakwenda usikokusudia, kwa sababu haiko sawa na mkono unaosukuma. Ikiwa chini mno, makali hayatakuwa na tumbo (sehemu iliyojipinda karibu na ncha) na kumenya kutakuwa kwa shida. Mgongo uanze kushuka kwenye theluthi ya mwisho ya bapa. Theluthi mbili za kwanza za makali ziwe karibu kunyooka, kwani hunoleka kirahisi na hugusa ubao wote unapokatia.

Pale makali yanapoanzia, chora kipengo cha nusu duara chenye kipenyo cha milimita 4. Bila kipengo hiki jiwe la kunolea haliwezi kufika mwisho wa makali. Hubaki sehemu butu inayokua kila unaponoa, hadi makali yajipinde kuelekea ndani. Usikifanye kikubwa pia. Kipengo cha milimita 8 hunasa kamba na kitambaa, na mkono hukwama katikati ya mkato.

Nyuma ya kipengo weka kizuizi cha kidole kinachoshuka milimita 5 hivi chini ya mstari wa makali. Kona zote za ndani, hasa bapa linapokutana na msuka (sehemu ya chuma inayokaa ndani ya mpini), zizungushe kwa nusu kipenyo cha milimita 3 au zaidi. Kona kali ya ndani hukusanya msukumo wote mahali pamoja, na hapo ndipo feleji hupasuka inapochovywa kwenye mafuta ikiwa nyekundu.

Hatua ya 4: Amua unene na mteremko

Chora kisu kana kwamba umekikata kwa upana na unakitazama kwa mbele. Mchoro huu ndio wenye thamani kuliko yote, na ndio wengi huuruka.

Linganisha visu viwili. Cha kwanza kina feleji ya milimita 3, na kimesagwa kuanzia mgongoni hadi makalini, kimo chote cha milimita 24, kikaacha unene wa milimita 0.3 kabla ya kunolewa. Mteremko wake ni kama nyuzi 3.2 kila upande. Cha pili ni cha milimita 4, na mteremko wake unaanzia milimita 10 tu juu ya makali. Unene wa makalini ni ule ule wa milimita 0.3, lakini mteremko umefika nyuzi 10.5. Vyote viwili vinaweza kunyoa nywele za mkono. Kwenye kadibodi cha kwanza kitapita, na cha pili kitakwama baada ya sentimita chache kama kabari.

Kwa kazi za kila siku chagua feleji ya milimita 2.5 hadi 3 na usage bapa lote. Usiuchore unene wa mwisho kama unene wa kusaga mara ya kwanza: kabla ya kuchoma feleji (kuipasha moto na kuichovya kwenye mafuta ili iwe ngumu) acha karibu milimita 0.8 makalini, kisha umalizie hadi 0.25 au 0.3 baada ya ugumu kupatikana. Makali yaliyofanywa membamba mapema hujikunja au kupasuka kwenye mafuta, na tabaka la juu hupoteza kaboni motoni. Andika vipimo vyote viwili kwenye mchoro.

Hatua ya 5: Buni mpini kwa pande zote

Mpini usiwe mduara, kwa maana mduara hugeuka mkononi. Uchore kama yai lenye kimo cha milimita 23 na unene wa milimita 17, ili kiganja kijue makali yalipo hata gizani. Unene huo ni msuka wa milimita 3 na vibao viwili vya milimita 7. Anza na vibao vya milimita 8 au 9, maana kupunguza kunawezekana na kuongeza hakuwezekani. Katikati pavimbe kidogo, mbele pabane, na mkiani patanuke ili kisu kisichomoke unapovuta.

Acha kuchonga vijibonde vya kila kidole. Vinavutia machoni, lakini vinakubali mshiko mmoja tu. Ukiweka kidole gumba mgongoni au ukikishika kisu karibu na ncha, matuta hukaa chini ya vifundo.

Pini mbili za milimita 5 zinatosha, kila moja milimita 15 hadi 20 kutoka mwisho wake wa mpini. Uzito upunguze ndani ya msuka: tundu la milimita 8 kwenye feleji ya milimita 3 huondoa gramu 1.2 hivi, kwa hiyo matundu sita huondoa kama gramu 7, na gundi nayo hupata mahali pa kushika. Acha angalau milimita 5 za chuma kati ya tundu na ukingo. Lengo ni kisu kusimama sawa juu ya kidole cha shahada.

Hatua ya 6: Tengeneza kielelezo cha mbao

Kata umbo kwa kadibodi kwanza, kisha kwa plaiwudi ya milimita 3, na ubandike vibao vya mbao laini pande zote mbili. Kipake kiganja unga wa mkaa, shika kielelezo kwa nguvu kama unayechonga, uachie. Mahali palipochafuka sana ndipo panapobeba mzigo wote. Punguza hapo kwa msasa, paka tena. Rudia kwa mishiko mitatu: ngumi kamili, kidole gumba mgongoni, na mshiko wa vidole vya mbele tu. Mkaa ukienea karibu sawa katika yote mitatu, hamisha vipimo vya mbao hiyo kwenye karatasi. Mbao ikipingana na mchoro, ifuate mbao.

Hatua ya 7: Chagua feleji

Kama utaichoma mwenyewe, chukua feleji iitwayo 1084. Ina kaboni ya asilimia 0.84 hivi na husamehe zaidi kuliko nyingine. Ipashe hadi iache kuvutwa na sumaku, ambako ni karibu nyuzi joto 770, kisha iendelee hadi kama 815 na uichovye kwenye mafuta ya mimea yaliyopashwa hadi 50 au 60, ncha ikitangulia, bila kuitikisa ubavuni. Tupa likiteleza juu yake bila kung'ata, imekuwa ngumu. Iingize papo hapo kwenye oveni ya nyuzi joto 200, mara mbili, saa mbili kila mara. Ukiiacha hadi kesho yake inaweza kupasuka ikiwa mezani.

Kama kisu kitakutana na jasho na matunda kila siku, feleji iitwayo AEB-L huhimili kutu vizuri zaidi, lakini huhitaji tanuri linalopita nyuzi joto 1,000 na usimamizi wa karibu. Ipeleke kwa fundi mwenye tanuri hilo. Kwa feleji yoyote, toboa matundu yote kabla ya kuchoma. Ncha ya drili haitaingia tena.

Nyuso za mbele za vibao zisuguliwe na kung'arishwa kabla ya gundi, kwa sababu baadaye hutazifikia bila kukwaruza bapa. Vaa barakoa: vumbi la mpingo na la maikata (tabaka za kitambaa au karatasi zilizogandishwa kwa gundi ngumu) ni hatari kwa mapafu.

Hatua ya 8: Buni ala sambamba na kisu

Ala ya Kydex (plastiki ngumu inayofinyangwa kwa joto) ya milimita 2 hushika kisu kwenye kizuizi cha kidole. Hakikisha kizuizi kina umbo la kushikwa, na sehemu iliyo mbele yake si pana kuliko mdomo wa ala. Kwa ngozi ya milimita 3, shona utepe wa ngozi katikati upande wa makali ili yasikutane na uzi. Chora pia mahali kidole gumba kitakaposukuma wakati wa kuchomoa, na utoboe tundu la kutolea maji karibu na ncha. Kisu cha 1084 kisilale ndani ya ala ya ngozi kwa wiki nzima, kwani ngozi hushika unyevu.

Hatua ya 9: Jaribu na urekebishe mchoro

Noa kwa nyuzi 17 hadi 20 kila upande, kisha kata kadibodi, kamba, tufaha na kijiti kikavu. Tufaha likipasuka kabla kisu hakijafika chini, bapa ni nene. Saga tena juu ya makali. Makali yakijikunja kwenye kijiti, ongeza nyuzi 2 za kunolea kwanza, kabla ya kulaumu feleji. Yakimeguka vipande vidogo, rudisha kisu, bila vibao vya mpini, kwenye oveni kwa nyuzi joto 15 zaidi. Kisu kikizunguka mkononi, mpini umekuwa mduara kupita kiasi: zifanye mbavu zake ziwe bapa zaidi kwa tupa. Kila badiliko liandike kwenye mchoro pamoja na kipimo cha zamani, maana kisu cha pili kitatoka kwenye karatasi hiyo hiyo.